MSAADA: forodha wameshika gemu ya Mario, fomu ya forodha CN23 imeandikwa laki mbili

Kutoka: Mtoto wa Mwanga
Jumanne, saa 3:40 usiku

Habari za huko mliko wana Kigoma. Shikamooni wakubwa. Naomba msaada wa haraka, nimepewa mpaka Ijumaa.

Kaka yangu kanitumia kifurushi kwa EMS ya posta. Ndani kuna ile gemu yetu ya zamani ya kuchomeka kaseti, pedi mbili za kuchezea na kaseti moja ya Super Mario. Mama aliikuta darini mafundi walipokuja kubadilisha bati. Kwenye CN23 kaka kaandika "zawadi", thamani shilingi 200,000, eti ikipotea njiani tulipwe vizuri. Sasa forodha ya huku niliko wanataka risiti ya manunuzi. Risiti! Marehemu baba aliinunua Kariakoo mwaka 1996, akaja nayo kwa treni kwenye mfuko wa rambo.

Ninachouliza ni hiki: naweza kupeleka barua ya kusahihisha thamani wakati CN23 imeshabandikwa? Na barua ya kaka, ambayo ni ya Kiswahili, lazima itafsiriwe na mtafsiri aliyeapishwa? Mama wa dirishani kaniambia nikasome tovuti, akashusha pazia.

---

Kutoka: Bi Kibirizi
Jumanne, saa 4:15 usiku

Pole mdogo wangu. Ndio zao hao. Mimi walinikalia na vitenge vya sare ya harusi wiki tatu, vinatoka harusi imeshaliwa na watu wamesharudi makwao. Wewe waambie ni mali ya euro 20 yaishe. Chini ya euro 22 hawagusi.

---

Kutoka: Mzee wa Stesheni
Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Bi Kibirizi, tusipotoshane. Hiyo ya euro 22 ilifutwa tarehe 1 Julai 2021, Umoja wa Ulaya mzima. Kilichobaki ni zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi euro 45, na laki mbili inavuka hapo. Wa Uingereza wao ni pauni 39. Na usimfundishe kijana kudanganya forodha, jina lake likishaingia kwenye kompyuta yao kila kifurushi kitafunguliwa.

Mimi niko Ujerumani mwaka wa 31 huu, najua ninachosema.

---

Kutoka: Bi Kibirizi
Jumatano, saa 1:20 asubuhi

Haya mzee, shikamoo. Nilisema ninalolijua.

---

Kutoka: Dogo wa Gungu
Jumatano, saa 8:30 mchana

Nyie mnagombana na euro, mimi nimekwama kwenye neno Mario. Jamani! Mnakumbuka kile kibanda cha gemu nyuma ya soko la Mwanga? Tivi ya chogo, kitufe cha A kimeng'oka wamebandika kizibo cha dawa ya meno, kaseti imebanwa na njiti ya kiberiti isichezecheze. Shilingi hamsini laifu tatu. Ukifa mwenye kibanda anakunyang'anya pedi hata muziki wa kufa haujaisha.

Ile gemu ilitoka Japani mwaka 1983 kama sikosei. Steji kama mia hivi, nilifika karibu na mwisho.

---

Kutoka: Fundi Katubuka
Jumatano, saa 11:10 jioni

Unakosea. 1983 ni Mario Bros., ile ya kwenye mashine za sarafu, skrini haisogei. Super Mario Bros. ni Septemba 1985. Na steji ni 32, dunia nane mara nne, hakuna mia. Hizo mia ni za makaseti yaliyoandikwa "9999 ndani ya moja" halafu zinajirudia gemu zile zile.

---

Kutoka: Mtoto wa Mwanga
Jumatano, saa 1:50 usiku

Nashukuru wote. Swali langu la barua bado lipo.

Ila Dogo umenikumbusha mbali. Sisi tulikuwa wawili, kaka pedi ya kwanza, mimi ya pili. Mnajua ilivyo, wa pili anasubiri Mario wa kwanza afe ndipo Luigi wake aingie. Na kaka hafi! Anafika 3-1, yaani dunia ya tatu steji ya kwanza, kwenye ngazi kabla ya mlingoti wa bendera, anamkanyagakanyaga yule kobe anayeshuka, laifu zinaongezeka tu. Mimi nimekumbatia pedi mpaka inalowa jasho. Siku moja alizilimbikiza mpaka ile namba ikageuka michoro isiyosomeka. Akaenda zake mbele akicheka, akagusa adui mmoja tu, wale wenye umbo la uyoga, gemu ova. Laifu zote zile! Bibi akasema jirani ana kijicho. Kaka hakuongea na watoto wa jirani mwezi mzima.

---

Kutoka: Fundi Katubuka
Jumatano, saa 2:30 usiku

Mlimwonea jirani wa watu. Idadi ya laifu imewekwa kwenye biti 8, na mashine inahesabu mpaka 127. Ukizidisha hapo inaisoma kama namba hasi, kwa hiyo ukifa mara moja inaona huna kitu. Programu nzima ya gemu ile na picha zake ni kilobaiti 40, walibana kila kitu. Angalia mawingu na vichaka: ni mchoro mmoja, rangi tofauti.

---

Kutoka: Dogo wa Gungu
Jumatano, saa 2:41 usiku

Mwombeni jirani radhi 😂

Mimi adui yangu hakuwa kobe, alikuwa umeme. Ile gemu haihifadhi ulipofikia. Enzi za majenereta, kabla gridi haijafika kwetu, unafika 8-3 saa moja usiku, puu! Giza. Unaanza 1-1 kesho yake.

---

Kutoka: Mzee wa Stesheni
Jumatano, saa 3:30 usiku

Umeme, reli, meli, vyote tulisubirishwa. Meli yetu ya Liemba ilijengwa Papenburg hapa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa, ikaibuliwa, ikafanya kazi miaka na miaka. Watoto wangu nimewapeleka Papenburg waone ilikotoka. Lakini wakitaka kwenda kuiona Kigoma kwenyewe, kwenye ziwa lao, wanaomba viza. Halafu tunaambiwa tuchukue hadhi maalumu ya wanadiaspora badala ya uraia pacha.

---

Kutoka: Bi Kibirizi
Jumatano, saa 3:52 usiku

Mzee, uraia pacha tuliuongelea Krismasi nzima na watu walitoka kwenye orodha hii kwa hasira. Tuache.

Mtoto wa Mwanga, kwani huyo kaka hakuona nafasi ya kuweka hata samaki wa kwetu, migebuka mikavu miwili, pembeni ya hizo pedi?

---

Kutoka: Mtoto wa Mwanga
Alhamisi, saa 12:30 asubuhi

Hakuweka, dada. Kaweka karatasi, alinisomea kwenye simu: "Pedi ya kwanza sasa ni yako." Ndiyo maana naitaka hii takataka.

Wakubwa, kesho ndiyo Ijumaa. Barua itafsiriwe au isitafsiriwe?

---

Kutoka: Fundi Katubuka
Alhamisi, saa 1:05 asubuhi

Ikitoka usiipulize kaseti. Najua sote tulipuliza, lakini mate yanaozesha zile chuma. Tumia pamba na spiriti. Tafuta pia tivi yenye tundu la njano, tivi nyingi mpya hazina.

---

Kutoka: Mtoto wa Mwanga
Alhamisi, saa 1:09 asubuhi

Bado haijatoka, Fundi.