Msaada tutani: kipindi changu cha kinanda cha mabomba kinakaribia kufutwa

Sauti ya Usiku (mleta uzi)
Wakuu, heshima kwenu. Nina kipindi cha redio cha nusu saa, kila Jumapili usiku, muziki wa kinanda cha mabomba, kile kikubwa cha makanisani na kwenye kumbi za muziki. Bosi kanipa vipindi vitatu. Wasikilizaji wasipoongezeka, muda wangu anapewa mtu wa michezo.

Malalamiko ni yale yale: "hatuelewi", "zote zinafanana", mmoja kaandika "kama meli inaondoka bandarini". Na mimi naeleza kila kitu! Nani katunga, mwaka gani, kinanda kina mabomba mangapi, rejista zipi, yaani safu za mabomba, zimevutwa: Prinsipali futi 8, Oktava futi 4, Miksta, Posaune futi 16. Sibahatishi, nasoma kwenye karatasi. Na wapo wanaonielewa. Juzi msikilizaji kaniandikia kuwa bomba la futi 32 lilimtetemesha kifua, na alikuwa anasikiliza kwa simu. Sasa nieleze nini zaidi?

Ngoja Waje
Kwani hicho kikubwa hakina midundo ya ndani? Washa midundo, watu wacheze. Nimekaa paleee, ngoja wajuzi waje.

Mgeuza Kurasa
Mimi nilimgeuzia mpigaji kurasa kwa miaka minne. Siku ya kwanza nilijiandaa kwa ngurumo, kumbe kilichonishika ni kelele ndogo ndogo: mbao za funguo zikigonga tak-tak, upepo ukinong'ona sandukuni kabla ya noti ya kwanza, soli nyembamba za viatu vyake zikiteleza kwenye pedali. Akavuta kivuto kimoja, kile cha kufungulia rejista, akabonyeza noti moja. Laini, kama mtu anapuliza chupa. Kidole kikiwa pale pale, akavuta cha pili: noti ile ile ikapata makali. Cha tatu, ikang'aa. Nilielewa rejista ni nini kabla hajafungua mdomo.

Futi 8 maana yake bomba la noti ya chini kabisa lina urefu wa futi nane hivi, na sauti yake inalingana na ya piano. Futi 4 inapanda oktava moja, toka do hadi do ya juu yake, futi 16 inashuka moja. Ukitaja "Prinsipali futi 8" bila kuisikilizisha peke yake, umemtajia msikilizaji jina la mtu ambaye hajawahi kumwona.

(Mwaka wa pili nilimgeuzia kurasa mbili kwa mpigo. Alimalizia kwa kichwa, kisha akaninunia wiki nzima. Tuyaache.)

Mzee wa Heshima
Kinanda hiki ni cha ibada. Mkishakigeuza cha kuburudisha watu vitandani, msishangae hawakielewi.

Kikokotoo
Shikamoo mzee. Lakini kilianza kama mtambo tu: fundi Ctesibius wa Alexandria, Misri, karne ya 3 kabla ya Kristo, alitumia maji kusawazisha shinikizo la upepo. Warumi wakakipeleka kwenye viwanja vya mapigano. Kanisani kiliingia karne nyingi baadaye.

Mleta uzi, katika hizo dakika 30, muziki ni dakika ngapi?

Sauti ya Usiku
Muziki upo wa kutosha, mkuu. Shida yangu ni maelezo. Nafikiria kuongeza sehemu ya mafundi waliojenga vinanda.

Kikokotoo
Ngapi?

Sauti ya Usiku
Tisa. Kumi, taarifa ya habari ikiisha kwa wakati.

Na kabla hamjanishukia: fuga ndefu, ule muziki ambao sauti zinaingia moja baada ya nyingine na wazo lile lile, nani ataivumilia? Naikata pale inapoanza kujirudia. Isitoshe, vipindi viwili nimesharekodi, na fundi mitambo hataki kusikia habari ya kurudia.

Dada Noti
"Inapoanza kujirudia"! Kaka yangu, hapo ndipo fuga inapoanzia, wewe unawafungia watu mlango wakiwa kizingitini.

Chukua ile ya mtunzi Bach ya G ndogo, namba yake kwenye orodha ya kazi zake ni BWV 578, ni ya dakika nne hivi. Mwombe mtu akupigie wazo lake peke yake, mara mbili, bila mapambo. Sema: "Hili litaingia mara nne, likishuka kutoka juu. La mwisho ni la miguu." Kisha nyamaza. Mtu atahesabu kwa vidole, na akilinasa lile la miguuni, kipindi kijacho yupo. Likianza kujificha katikati ya sauti nyingine, mwache alitafute mwenyewe. Usiingie kumwambia "sasa sikilizeni". Nawachukia watangazaji wa "sasa sikilizeni".

Likizo Ndefu
Mnamwonea bure. Bach mwenyewe mwaka 1705 aliomba ruhusa ya wiki nne, akatembea kwa miguu kilomita 400 hivi, Arnstadt hadi Lübeck huko Ujerumani, kumsikiliza mpigaji kinanda Buxtehude. Alirudi baada ya karibu miezi minne. Waajiri wakamweka kiti moto, na juu ya hapo wakamlaumu kuwa anawachanganya waumini kwa noti za ajabu. Mleta uzi, uko kwenye mstari mzuri.

Sauti ya Usiku
Hiyo ya Bach ninayo, inachukua dakika sita.

Likizo Ndefu
Dakika sita?? Unatembea naye?

Mpima Mawimbi
Wakuu, mbona mmeipita? Huyu kasema msikilizaji alitetemeshwa kifua na bomba la futi 32 AKITUMIA SIMU. Noti ya chini kabisa ya bomba hilo ni kama hezi 16, yaani mitetemo 16 kwa sekunde. Spika ya simu hapo haitoi chochote, hata hezi 100 inazisikia kwa jirani. Hii ni chai, wakuu. Hakuna msikilizaji, na sasa hivi nina wasiwasi hata kipindi hakipo. Redio gani leo inampa mtu nusu saa ya fuga?

Ngoja Waje
Nilijua tu. Chai ya moto kabisa, naleta kikombe.

Mgeuza Kurasa
Tuwe waungwana kidogo. Bomba refu lina sauti za juu zinazoambatana na ile ya msingi, na sikio likizipata hizo linaweza kujazia noti ya chini lenyewe. Kwa hiyo kuisikia kwa simu inawezekana. Kutetemeka kifua, hapana.

Kikokotoo
Mleta uzi, aliyekuandikia ni nani?

Dada Noti
Yuko mtandaoni, namwona. Anaandika, anafuta.

Sauti ya Usiku
Ni mama yangu.

Kipindi kipo, msinivunjie heshima. Ujumbe nao upo. Mama huandika kila wiki, na ni kweli husikiliza kwa simu. Ila wiki ile nilitangulia kusema hewani kuwa noti ile itawatetemesha kifua.

Dada Noti
Basi ulimwambia atakachohisi, naye akakurudishia kama ulivyompa. Mama akufanyie nini tena? Na ile "kama meli inaondoka bandarini" uliyoileta kama tusi, yule ndiye aliyesikia. Mabomba ya chini yenye ulimi wa shaba unaotetemeka, upepo mwingi, mlio unaoanza taratibu: ni meli kabisa. Huyo ungemsoma hewani na kumpigia noti yenyewe.

Mpima Mawimbi
Ya mama naifuta. Samahani mkuu.

Mzee wa Heshima
Mpigie mama. Muulize yeye anasikia nini, wewe ukae kimya.

Sauti ya Usiku
Nimempigia. Mwanzo alisema "mwanangu, vyote ni vizuri". Nikambana. Akasema nikianza kuongea hupunguza sauti akaendelea na shughuli zake, nikinyamaza huongeza. Anapenda pale mwisho kabisa, mpigaji akishaachia funguo na mlio ukabaki unazunguka ukumbini. Anasema hapo huwa naingia na kutaja rejista.

Likizo Ndefu
Mama apewe kipindi.

Kikokotoo
Mrejesho muhimu: ule mkia wa mlio utauacha usikike?

Sauti ya Usiku
Cha tatu nitauacha. Vile viwili nilivyorekodi vinaenda hewani hivyo hivyo.