Tupeane uzoefu: Pete imevaliwa, mipango ya harusi ianzie wapi? (Nakuru, Kisumu na Magharibi)

Mwanzisha mada
Hamjambo wapendwa. Pete ikishavaliwa wengi hukimbilia ukumbi na gauni, kisha wanagundua tarehe waliyolipia imeangukia Kwaresima, au wazee wa binti hawajapelekewa hata salamu. Naomba wapishi, wenye tenti, makarani wa kanisa, waweka hazina na wazee wa posa watuandikie hatua, vipimo na mahali mambo huharibikia. Habari za harusi zetu wenyewe tuziweke kando. Tunataka mtu akisoma usiku huu, kesho asubuhi ajue pa kuanzia.

Mzee wa Posa, Kakamega
Wanangu, kabla ya tarehe ulizeni ukoo. Kwetu Waluhya, na kwa Wajaluo pia, watu wa ukoo mmoja hawaoani, na wengi husahau kuuliza upande wa mama. Kila mmoja aandike ukoo wa baba, wa mama na wa nyanya wote wawili, awapelekee wazee wake. Ni kazi ya jioni moja. Isipofanywa, swali huulizwa siku ya posa yenyewe, wageni wameketi na kuku wako jikoni.

Ndipo mshenga atumwe. Wajaluo humwita jagam. Baada yake kuna ayie, fedha anazopewa mama wa binti kwa heshima na kupata ridhaa yake, na nyombo, yaani ng'ombe. Kwa Wabukusu hesabu inayotajwa sana ni ng'ombe 13, na jinsi ya kuwatoa ni maelewano. Nakuru mtakutana na hatua za posa na mahari za Wakikuyu: kumenya mucii (kufahamu nyumbani kwa binti), kuhanda ithigi (kupanda matawi), ruracio (mahari) na ngurario (sherehe ya kuhitimisha), au koito, sherehe ya mahari ya Wakalenjin. Wanaooana makabila mbalimbali wasidhani hatua ya huku ina pacha wake kule. Ombeni upande wa binti uandike orodha: kipi kinakuja siku ya kwanza, kipi kinaweza kusubiri, kipi hakigeuzwi fedha, na nani anapokea nini. Blanketi la nyanya moja likisahaulika, kikao kinasimama hata kama ng'ombe wote wamefika. Andikeni pia idadi ya wajumbe. Mkitarajiwa 15 mkaja 40, chakula hakitatosha, na lawama itaanza kabla ya mazungumzo.

Kati ya mahari na harusi acheni angalau miezi mitatu. Wanaoyabana huingia kwenye harusi mifuko imeshakauka, na wajomba waliochanga majuzi wanaombwa tena.

Karani wa Parokia, Kisumu
Shikamoo Mzee. Naongeza la kanisa, maana tarehe hutoka huku, haitoki kwa mwenye ukumbi.

Mkatoliki aende parokia yake miezi sita mapema. Tutamwomba cheti cha ubatizo kilichotolewa upya ndani ya miezi sita, si kile cha utotoni, kwa sababu pembezoni mwa kitabu cha ubatizo ndipo huandikwa kama mtu alishafunga ndoa. Aliyebatizwa Bungoma anafungia Kisumu? Aandikie Bungoma leo. Hiki ndicho kinachochelewesha watu wengi kuliko mafundisho. Matangazo husomwa Jumapili tatu, kwa kawaida katika parokia zote mbili. Mkatoliki anayeoana na Mkristo wa kanisa lingine anahitaji ruhusa ya askofu, na asiyebatizwa kabisa ana utaratibu wake, kwa hiyo semeni siku ya kwanza. Wasimamizi tunataka mume na mke waliofunga ndoa kanisani. Marafiki wawili wa chuoni mtawapa kazi nyingine.

Waadventista ni wengi sana Nyanza na Kisii, nao hawafungi ndoa Jumamosi kwa kuwa ni Sabato. Familia moja ikiwa ya Sabato na nyingine ya Jumapili, jadilini siku ya katikati ya wiki mapema, maana walimu na wafanyakazi wa serikali wanahitaji kuomba ruhusa. Agosti na Desemba shule zimefungwa, kwa hiyo kumbi na wapishi hujaa kwanza. Anayetaka Jumamosi ya Desemba akiuliza Septemba atapata mabaki.

Wakili wa Mtaa, Nakuru
Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inatambua ndoa za aina tano: ya Kikristo, ya kiserikali, ya kimila, ya Kihindu na ya Kiislamu. Zote ni kuanzia miaka 18. Ya kimila na ya Kiislamu zinaruhusu mume kuoa zaidi ya mke mmoja, zile nyingine haziruhusu. Chagueni mkijua hilo.

Ndoa ya kiserikali inahitaji notisi ya maandishi kwa Msajili wa Ndoa isiyopungua siku 21 na isiyozidi miezi mitatu kabla ya siku yenyewe. Ukiwa na haraka kuna leseni maalumu, lakini ada yake ni kubwa zaidi. Bebeni vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti. Aliyeachana alete hati ya mwisho ya talaka kutoka mahakamani, na mjane alete cheti cha kifo. Mashahidi ni wawili.

Wanaoishia kwenye mahari wasidhani wamemaliza. Ndoa ya kimila inatakiwa kuarifiwa kwa Msajili ndani ya miezi mitatu tangu taratibu zikamilike, na ndani ya miezi sita wote wawili wafike wenyewe kuomba cheti. Tena si lazima ng'ombe wote wawe wametolewa. Sheria inasema sehemu ndogo tu ya mahari inatosha kuthibitisha ndoa pale mila inapodai mahari.

Na jambo ambalo watu huona haya kuliuliza: mchungaji ana leseni ya kufungisha ndoa? Si kila mwenye kola anayo. Mwombeni nambari yake ya leseni kabla ya kuchapisha kadi.

Ustadhi wa Kibuye
Kwa Waislamu kwa ufupi: walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili, na mahari ambayo ni haki ya bibi harusi mwenyewe, si ya wajomba. Kitajeni kiwango wazi na kiandikwe. Usajili ufanywe kwa kadhi. Nikaha yaweza kufungwa siku moja na walima, yaani karamu ya harusi, ukafuata wiki nyingine, jambo linalopunguza gharama sana.

Muuguzi, Busia
Jamani, kabla ya ukumbi nendeni maabara. Kanda ya ziwa na Magharibi ina watu wengi wenye chembe ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi (sickle cell), bila kujua, kwa sababu chembe hiyo ilienea kihistoria palipo na malaria. Mwenye chembe moja (AS) kwa kawaida haumwi. Wawili wa AS wakizaa, kila mimba ina uwezekano wa robo moja mtoto kuwa na ugonjwa wenyewe, na nusu mtoto kubeba chembe kama wao. Ni kila mimba upya. Watoto watatu wazima hawamkingi wa nne. Ombeni kipimo cha kutambua aina ya himoglobini, na msiishie kwenye kile cha haraka cha ndiyo au hapana. Makanisa mengi hudai kipimo cha Ukimwi, lakini hiki hawakitaji. Fanyeni vyote siku moja, pamoja, na msikilize ushauri wa mtaalamu kabla ya kuwaambia ndugu.

Mweka Hazina wa Kamati, Kisumu
Idadi ya wageni kwanza, bajeti baadaye. Kila upande uandike majina, si makadirio, kisha jiulizeni sherehe iko wapi. Hotelini Milimani unalipia sahani, na mlango una mtu. Nyumbani Siaya au Vihiga, majirani hawangoji kadi. Kadi 200 kijijini, pika ya watu 300.

Ahadi si fedha. Katika kikao cha kamati gawanya daftari safu tatu: ameahidi, ametoa, salio. Mkataba utiwe sahihi kwa kilichotoka safu ya pili tu. Bajeti iliyojengwa juu ya ahadi huanguka wiki ya mwisho, wakati mwenye tenti na mpishi wote wanadai salio siku moja. Fedha zisikae kwenye simu ya mtu mmoja, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Fungueni akaunti ya benki yenye sahihi tatu, mbili zikitosha kutoa, na kila Jumapili usiku tumeni taarifa kwenye kundi. Watu huendelea kuchanga wanapoona hesabu.

Kila anayepokea malipo ya awali aandike kwenye karatasi: saa ya kufika, saa ya kuondoka, usafiri ni wa nani, na tarehe ikisogea fedha zinarudi kiasi gani. Ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tu kwamba ulilipa. Hauonyeshi ulilipia nini.

Bi Harusi Mtarajiwa, Njoro
Asanteni sana. Swali kwa wapishi: watu 300 kijijini, tununue nini hasa?

Mpishi wa Kondele
Dada, chukua hesabu hii ukiwa na kuku na ng'ombe pamoja. Mchele kilo 1 kwa watu 8, hivyo kilo 38, weka 40. Nyama ya ng'ombe yenye mfupa kilo 1 kwa watu 6, kilo 50. Kuku mmoja vipande 8, kipande kimoja kwa mtu ni kuku 38. Nunua 45, maana meza ya wakwe haipewi kipande kimoja, na kwa Waluhya kuku wa mgeni si jambo la kupunguza. Unga wa ngano kilo 2 hutoa chapati 20 hivi. Ukigawa nusu nusu unahitaji 150, yaani kilo 15 za unga. Kabichi kubwa moja kwa watu 10. Soda kreti ya chupa 24: kreti 13 zinafika 312, chukua 15, na mkubaliane na muuzaji arudishiwe kreti zisizofunguliwa. Maji chupa 300 za nusu lita yanatosha Njoro kwenye baridi. Kisumu ongeza nusu yake.

Usiahidi samaki mzima kwa kila mtu. Ngege (tilapia) hukaangwa kwa zamu, hupoa upesi, na mmoja mmoja humaliza bajeti. Mweke meza kuu tu.

Kinachoharibu chakula cha harusi ni muda. Wali uliopikwa saa kumi na moja alfajiri ukaliwa saa tisa alasiri kwenye joto la Kano ni hatari. Chakula kikishapoa chini ya nyuzi 60 usikiache zaidi ya saa mbili. Pika nyama mapema uipashe moto hadi ichemke, wali uwe wa mwisho, na mtu wa kamati apige simu jikoni ibada inapomalizika. Weka mistari miwili ya kupakulia kwa kila watu 150. Ukiweka mmoja tu kwa watu 300, wa mwisho watakula hotuba zikiwa zimeisha.

Mwenye Tenti, Ahero
Mpishi amesema kweli, na mimi naongeza udongo. Uwanda wa Kano ni udongo mweusi wa mfinyanzi. Ukilowa, magari hunasa, viatu vya kisigino huzama na vigingi vifupi hung'oka. Dai vigingi vya sentimita 60, murramu njiani, na mfereji wa maji wa kina cha sentimita 15 upande wa juu wa tenti. Kwa watu 300 ni tenti tatu za watu mia, moja ya maharusi na wazee, na moja ya chakula iliyo mbali na moshi wa jikoni. Vyoo, kimoja kwa watu 50.

Mvua za masika ni Machi hadi Mei, lakini Kakamega hunyesha karibu kila alasiri hata baada ya hapo, kwani unyevu wa ziwa hupanda nyanda za juu jua likishawaka. Basi ibada iwe saa tatu au nne asubuhi na hotuba ziishe kabla ya saa tisa. Mkiwa karibu na ziwa, Dunga kwa mfano, fikirieni pia wadudu wa ziwani. Giza likiingia hufuata taa kwa maelfu na kutua kwenye keki. Keki iliwe mchana.

Mpiga Picha, Nakuru
Jua letu hutua karibu saa kumi na mbili unusu jioni mwaka mzima, kwa hiyo mwanga mzuri ni kuanzia saa kumi na nusu. Tengeni dakika 45 tu. Anayetaka picha ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru ajue kila aliye ndani ya gari hulipa kiingilio, na kazi ya picha inahitaji ruhusa ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Ulizeni wiki kadhaa mapema. Kwenye mkataba andikeni jina la mpiga picha atakayekuja mwenyewe, maana wengine hutuma mwanafunzi.

Fundi Cherehani, Kibuye
Kitenge cha sare kinunuliwe siku moja, duka moja, robota moja. Rangi ya robota la pili haifanani, na kwenye picha inaonekana. Kipande cha yadi 6 hutoa gauni moja la marinda, au shati mbili. Ongezeni kipande kimoja cha akiba. Vipimo wiki sita kabla, jaribio la kwanza wiki tatu kabla. Anayenyonyesha apimwe mwisho.

Bi Harusi Mtarajiwa, Njoro
Mungu awabariki. Karani, siku yenyewe cheti tunatia sahihi lini?

Karani wa Parokia, Kisumu
Kanisani, mara baada ya viapo, pamoja na mashahidi wawili na padri. Wiki moja kabla, leteni vitambulisho tunakili majina herufi kwa herufi. Jina la nyumbani lisilo kwenye kitambulisho lisiingie. Siku hiyo someni kabla ya kushika kalamu: majina, tarehe, majina ya wazazi. Kosa likigunduliwa mezani tunaandika upya hapo hapo. Likigunduliwa mkiwa mnaomba pasipoti, itabidi mwende kwa Msajili.