Simu inaiona televisheni lakini haiunganishi

Habari za jioni, wanajukwaa. Ninapojaribu kurusha kioo cha simu yangu ya Android kwenye televisheni, jina lake linaonekana, ninaligusa, neno «Inaunganisha» linakaa kwa muda, kisha linatoweka bila maelezo. Vyote viwili vinatumia ruta moja. Tatizo linaweza kuwa wapi?

Jibu: Ndugu, kwanza fahamu ni mfumo gani unaotumika, kwa sababu Miracast huunganisha simu na televisheni moja kwa moja bila kupitia kwenye ruta, ilhali Chromecast huhitaji vifaa vyote viwe kwenye mtandao mmoja. Ikiwa ni Chromecast, hakikisha simu haiko kwenye mtandao wa wageni, ambao mara nyingi huzuia vifaa visionane ingawa vyote vinapata intaneti. Zima pia VPN, yaani programu inayopitisha intaneti ya simu kwenye seva ya mbali, kama unayo.

Jibu: Mimi ningeanza na televisheni. Ichomoe kwenye soketi kwa dakika moja, maana rimoti huiacha usingizini tu. Kisha fungua orodha ya vifaa kwenye mipangilio. Huenda mtu alibonyeza «Kataa» siku moja, na tangu hapo simu inakataliwa kimyakimya.

Muulizaji: Ahsanteni. Kweli, simu ilikuwa imezuiwa. Sasa picha inatokea, ila filamu za programu ya kulipia zinatoa sauti na giza tupu.

Jibu: Hiyo si hitilafu. Programu nyingi za aina hiyo huzuia picha isinakiliwe ili kulinda hakimiliki. Tumia alama ya kurusha iliyo ndani ya programu yenyewe, kama ipo.