Dawa ya kibofu kwa mama: oksibutinini, solifenasini au mirabegroni?

BintiMlandizi
Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo kabla sijalipia dawa kesho. Mama yangu mkojo unambana ghafla, akiinuka kwenda chooni unamtoka njiani. Usiku ndiyo kabisa, halali. Daktari amesema kibofu kinajikunja kabla hakijajaa. Akaandika oksibutinini miligramu 5 asubuhi na jioni, akasema tukiwa na uwezo tuchukue mirabegroni ya 50 mara moja kwa siku. Kaka wa famasi naye akasema kuna solifenasini, bei yake iko katikati. Mirabegroni ni ghali kweli, na hizi si dawa za wiki moja. Waliowahi kutumia, ipi nzuri?

Mzee wa Mikumi
Oksibutinini. Ipo tangu miaka ya 1970, madaktari wanaijua ndani nje. Kwa nini ulipe zaidi?

MfamasiaMoro
Dada, hilo swali halijibiki bila kumjua mama. Ana miaka mingapi? Ana presha, sukari, shida ya figo? Amewahi kuambiwa ana presha ya macho? Mkojo umepimwa? Akishamaliza kukojoa, anahisi umeisha au bado upo? Na zaidi ya yote, anameza nini kingine? Hesabu hadi vidonge vya mafua na vya usingizi, maana watu huwa hawavitaji.

dada_Chake
Naunga mkono hilo la kupima mkojo. Huku Pemba mtu akikojoa mara kwa mara, swali la mwanzo ni kichocho, hasa kama mkojo una damu. Kanda ya Ziwa nako vivyo hivyo. Hapo tiba ni prazikwanteli, hivi vidonge vya kibofu havimsaidii kitu.

BintiMlandizi
Asanteni. Ana miaka 72. Mkojo ulipimwa, hakuna maambukizi wala damu. Sukari iko sawa. Presha anayo, anatumia dawa.

KilindiniTu
Dawa gani za presha? Na chai je? Mamangu hapa Mombasa alikuwa na shida hiyohiyo. Tulimwondolea kahawa na chai ya rangi za jioni, akaanza kulala. Hakumeza kidonge hata kimoja. Mwambie pia apunguze maji.

Nesi Mstaafu
Mwanangu wa Kilindini, la kahawa nakubali, kafeini huchokoza kibofu. La maji sikubali. Mzee akinyimwa maji mkojo unakuwa mzito, unachoma kibofu, choo kinakuwa kigumu, na choo kikijaa kinakibana kibofu kutoka nyuma. Mnamaliza mmeongeza tatizo. Anywe kama kawaida mchana, apunguze tu saa chache kabla ya kulala.

KilindiniTu
Shikamoo mama. Mimi nasema kilichotokea kwetu. Alipunguza maji na akapona.

Nesi Mstaafu
Marahaba. Kilichomponya pengine ni kahawa mliyoiondoa.

MfamasiaMoro
Ngoja niwaeleze tofauti za hizi dawa ili tusibishane bure.

Oksibutinini na solifenasini ni ndugu. Zote zinazuia ujumbe wa neva unaouambia msuli wa kibofu ujikunje. Tatizo ni kwamba ujumbe wa aina hiyohiyo ndio unaoleta mate mdomoni, unaosukuma choo tumboni, unaorekebisha macho yaone karibu, na kwenye ubongo unasaidia kumbukumbu. Kwa hiyo ukituliza kibofu unakausha na huko kwingine: mdomo mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu, na kwa wazee kuchanganyikiwa. Hata jasho hupungua, kwa hiyo joto la Dar linaweza kumzidi mtu. Solifenasini hulenga kibofu zaidi kidogo na humezwa mara moja kwa siku, kwa kawaida miligramu 5. Haikaushi mdomo kama oksibutinini ya kawaida, lakini hukaa mwilini siku kadhaa, hivyo ikimsumbua mtu haiondoki leo kwa leo.

Mirabegroni inapita njia nyingine. Inaulegeza msuli wakati kibofu kinajaa, kwa hiyo haikaushi. Ila inaweza kupandisha presha. Mwenye presha ya 180 kwa 110 au zaidi ambayo haijadhibitiwa hapewi. Na figo zikiwa dhaifu sana, dozi hupunguzwa.

Ndiyo maana nauliza: presha yake ikipimwa inasoma ngapi? Na vidonge vyake ni vipi?

Mzee wa Mikumi
Umeeleza vizuri mkuu, ila bado sijaona sababu ya kuikataa ya bei nafuu. Kukauka mdomo si ugonjwa.

Chumbageni Mkongwe
Mzee wa Mikumi, naomba nikusimulie, maana hili limetukuta nyumbani.

Baba yangu, Mungu amlinde, alipewa oksibutinini kwa tatizo kama la mama wa huyu dada. Alikuwa tayari anatumia amitriptilini usiku kwa ajili ya miguu kuwaka moto. Hakuna aliyemuuliza. Baada ya muda akapata mafua, akatuma mtoto duka la dawa, akaletewa Piriton, akawa anazimeza kila akipiga chafya. Piriton nayo inakausha. Amitriptilini inakausha. Oksibutinini inakausha. Tatu kwa pamoja kwa mzee wa miaka sabini na kitu.

Akaanza kusahau amesali au bado. Akawa anamwita mjukuu kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Usiku anaongea na watu wasiokuwepo, anavuta shuka kama anatafuta kitu. Ndugu wakasema karogwa. Kisomo kikafanyika, kombe likanywewa. Choo hakipati, chakula hataki. Kisha mkojo ukagoma kabisa, tumbo la chini likavimba likawa gumu, analia kama mtoto. Tukakimbilia hospitali, akawekewa mpira, mkojo ukatoka mwingi sana.

Nesi wa zamu ndiye aliyetuambia tulete kila dawa iliyopo nyumbani, zote kwenye mfuko mmoja. Akazimwaga mezani, akamwita daktari. Zikasimamishwa. Siku chache baadaye baba akamtambua mjukuu wake, akauliza mbona yuko hospitali.

Sisemi oksibutinini ni sumu. Wapo wanaoitumia wakaishi vizuri. Lakini usimwambie mtu kwamba kukauka ni jambo dogo.

dada_Chake
Subhanallah. Pole sana kaka.

Mzee wa Mikumi
Pole ndugu yangu. Lakini hapo naona lawama ni za mchanganyiko, si za dawa moja. Shemeji yangu anaitumia hiyo peke yake na hana shida.

MfamasiaMoro
Ni kweli ni mchanganyiko, na wazee wengi tayari wana mchanganyiko. Ongeza kwenye orodha Buscopan, prometazini, na dawa nyingi za kikohozi zinazoleta usingizi. Uingereza mwongozo wao unashauri oksibutinini ya kawaida isipewe wanawake wazee walio hatarini kudhoofika ghafla, mwili au akili.

BintiMlandizi
Mmenitisha, lakini asanteni. Nimempigia mdogo wangu anayekaa naye, amenisomea maboksi. Presha anatumia amlodipini na ile ya kukojosha, haidroklorothiazaidi. Anazimeza zote usiku baada ya kula ili asisahau. Kuna amitriptilini miligramu 25, alipewa kwa ajili ya kulala. Na kuna chupa ndogo ya matone ya macho, timololi.

Nesi Mstaafu
Uliandika ana presha tu mwanangu! Dawa ya kukojosha anameza usiku, halafu tunashangaa halali? Muulizeni daktari kama anaweza kuihamishia asubuhi. Sehemu ya tatizo la usiku inaweza kuondoka hapo hapo.

MfamasiaMoro
Na timololi ni dawa ya presha ya macho. Kuna aina ambayo njia ya maji ndani ya jicho ni nyembamba. Kwa hiyo aina, hizi dawa za kukausha zinaweza kuiziba kabisa na mtu akapata maumivu makali na kupoteza kuona. Aina ile nyingine haina hatari kubwa hivyo. Lazima daktari wa macho aseme yeye ni ipi kabla hajameza oksibutinini au solifenasini. Na amitriptilini msiikatishe wenyewe kwa ghafla, rudini kwa aliyeiandika. Daktari wa kibofu alizijua hizi dawa?

BintiMlandizi
Sidhani. Alimuuliza kama ana ugonjwa mwingine, mama akasema presha. Mama mwenyewe macho hayaiti ugonjwa.

Fundi Sinza
Basi mirabegroni. Kuhusu bei, nunua ya 50 mkate katikati, zinatosha muda mara mbili. Mimi nafanya hivyo kwa dawa zangu.

MfamasiaMoro
Hapana ndugu. Mirabegroni imetengenezwa itoe dawa polepole. Ukiikata, kuisaga au kuitafuna unaharibu huo utaratibu, dawa inaweza kumwagika yote kwa mkupuo. Inamezwa nzima na maji. Kama daktari anataka 25, ipo ya 25.

Fundi Sinza
Sawa, nimejifunza. Je, zile za India zina tofauti na za Ulaya? Maana watu wanasema za India ni chaki.

KilindiniTu
Mbona dawa nyingi tunazokunywa Afrika Mashariki zatoka India na watu wapona? Angalieni usajili tu. Kwenu TMDA, kwetu Bodi ya Famasia na Sumu.

Fundi Sinza
Usajili upo, ila mimi nikinunua ya Ulaya naona tofauti. Ya presha niliyobadilishiwa ilinipa kizunguzungu wiki nzima.

dada_Chake
Jamani turudi kwa mama. Dada, kuna siku mkojo unamtoka akikohoa au akicheka? Mimi baada ya kuzaa ilikuwa hivyo, na hizo dawa hazitibu aina hiyo. Nilifundishwa mazoezi ya kubana misuli ya nyonga, kama mtu anayezuia mkojo na upepo kwa pamoja. Yanachukua miezi, ila yalinisaidia.

Nesi Mstaafu
Na hata kwa hii ya kubanwa ghafla, kuna kukizoesha kibofu. Anaandika siku tatu saa anazokojoa na anachokunywa, halafu anaanza kusogeza muda, dakika kumi, kisha kumi na tano. Wiki sita angalau. Akibanwa asikimbie. Akae, abane misuli, asubiri wimbi lipite, ndipo atembee. Wazee wengi wanavunjika nyonga wakikimbilia choo gizani. Wekeni ndoo chumbani na taa.

BintiMlandizi
Akikohoa hapana, ni kubanwa tu. Ndoo tutaweka leo leo. Presha mdogo wangu ameipima sasa hivi, 152 kwa 88.

MfamasiaMoro
Hiyo haimzuii mirabegroni, lakini inataka kufuatiliwa, ipimwe tena baada ya kuanza. Chochote mtakachoanza, mpeni kama wiki nne kabla ya kusema haifanyi kazi. Akisahau dozi asimeze mbili. Na mkojo ukigoma huku tumbo linauma, ni hospitali usiku huohuo, msisubiri kukuche.

Mzee wa Mikumi
Kama daktari wa macho atatoa ruhusa na amitriptilini ikaondolewa, mimi bado nasema aanze na oksibutinini nusu kidonge, 2.5 mara mbili. Ile ya kawaida inakatika. Bei nayo ni sehemu ya usalama, dawa ikikatika katikati ya mwezi haina faida.

Chumbageni Mkongwe
Hapo kwenye bei nakuelewa. Baba yangu nisingempa tena, hata bure.

BintiMlandizi
Kesho silipii. Jumanne tunaenda kwa daktari wa macho, na nimemwambia mdogo wangu abebe dawa zote kwenye mfuko. Bima sijajua kama itakubali mirabegroni, kuna aliyewahi kulipiwa?

Mke wa Mvuvi
Samahani naingilia. Mume wangu ana miaka 64, anakojoa kidogo kidogo, mkojo unatoka kwa shida na kudondoka. Anaweza kutumia hiyo solifenasini?

MfamasiaMoro
Dada yangu, asimeze kabla ya kupimwa. Kwa maelezo hayo huenda ni tezi dume, na dawa ya kukausha inaweza kumfungia mkojo kabisa. Aombe altrasaundi ya kuangalia mkojo unaobaki baada ya kukojoa. Fungua uzi wako, utueleze na dawa anazotumia.

dada_Chake
Kuhusu bima sijui, ila pampasi za watu wazima Kariakoo ukichukua katoni ni nafuu sana kuliko rejareja. Nani anajua duka lenye saizi kubwa?