Rangi inabanduka kwenye chupa za glasi, nakosea wapi?

Swali: Wakuu, chupa tupu za jemu nazipaka rangi ya akriliki ziwe za kuhifadhia viungo na nafaka. Nikiziosha tu, rangi inatoka vipande vipande. Gundi ya lebo nayo haiishi.

Jibu 1: Glasi ni laini, rangi haina pa kushika, na mafuta ya vidole huongeza tatizo. Loweka chupa dakika 30 kwenye maji ya moto kiasi yenye sabuni, ukwangue lebo. Gundi iliyobaki ipake mchanganyiko wa mafuta ya kupikia na unga wa magadi kwa vipimo sawa, subiri dakika 15, sugua. Osha, kausha, futa kwa spiriti. Kuanzia hapo usiguse sehemu ya kupaka! Paka mikono (yaani matabaka ya rangi) miwili au mitatu myembamba, kila mmoja ukauke kabisa kwanza. Mkono mzito hutiririka na kubanduka kama ngozi. Kisha iache wiki 3 bila kuosha.

Jibu 2: Paka nje tu, na uache sentimita 2 chini ya mdomo, maana chakula hupita hapo. Kifuniko kipige msasa namba 220 kabla ya rangi ya kupuliza. Kishikio cha droo kinapendeza juu yake, ila kibandike kwa gundi ya epoksi. Usitoboe: tundu hupitisha unyevu na wadudu.

Muuliza swali: Kuziloweka wakati wa kuosha?

Jibu 1: Hapana. Sponji laini, haraka, kausha.