Mashine ya boti kuchemsha: tupeane uzoefu, ilikukuta nini na ukaitibu vipi

Mwanzisha uzi
Wakuu, uzi huu ni wa waliowahi kukwama katikati ya maji, kava la mashine liko wazi, mvuke unafuka, na kila aliyemo chomboni anakutazama wewe. Nianze na yangu.

Nilinunua mashine iliyotumika, HP 40, stroki mbili. Ilikuwa inakojoa vizuri, ule mkojo wa nyuma (uzi wa maji ya kupoza mashine yanayorushwa nje) unaruka mbali kabisa. Nusu saa ya mwendo mkubwa, alamu ikalia. Nikazima, tukarudi kwa kasia. Kesho yake nikashusha mguu, ile sehemu ya chini yenye propela, nikafungua pampu ya maji: impela, kile kipande cha mpira kinachozunguka na kusukuma maji, ina mabawa 6, mawili hayapo. Nikajua ugonjwa nimeupata. Nikafunga impela mpya, nikaingia majini, ikachemsha vilevile. Nikamlaumu muuza spea, nikanunua nyingine. Vilevile.

Swali nililopaswa kujiuliza siku ya kwanza ni moja tu: yale mabawa mawili yalikwenda wapi? Pampu inasukuma maji juu, basi na vipande vilipanda nayo. Nilipofungua kifuniko cha themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kupitisha maji, nikakuta kimoja kimejikunja humo kama ulimi wa kiatu, na themostati yenyewe imeganda kwa chumvi, haifunguki hata robo. Cha pili nilikivuta kwa waya kutoka kwenye njia ya maji ya bloku. Mkojo ulikuwa mzuri muda wote kwa sababu kwenye mashine yangu tundu lake linachukua maji kabla hayajafika kwenye themostati. Kwa hiyo ulikuwa unaniambia pampu inafanya kazi. Basi, hakuna zaidi.

Leteni yenu. Za kusikia kwa jirani acheni huko huko.

Mdau wa Tezi
Yangu fupi: mfuko wa plastiki. Ulinasa kwenye matundu ya kuvutia maji kule chini, mimi niko juu nimeshafungua plagi zote natafuta ubaya. Abiria mmoja ndiye aliyesema, "Hicho cheupe ni nini?" Siku hizi nikiona mkojo umedhoofika nazima, nainua mguu, natazama chini kwanza. Spana baadaye.

Tanga Mbili
Mimi nilipata kinyume chako mkuu. Mkojo hakuna kabisa, mashine haina hata joto. Naweka kiganja kwenye kichwa cha silinda, kinatulia bila shida. Kumbe mdudu alijenga kiota cha udongo ndani ya tundu la mkojo wakati boti imekaa nchi kavu. Kipande cha mshipi wa kuvulia, nikachokoa mara tatu, ukaruka. Na nilikuwa nimeshaagiza pampu nzima.

Fundi Mguu
Niwape aibu yangu, maana mafundi hatupendi kusema zetu. Nimebadilisha impela ya mteja, nimefunga mguu, bolti zote zimekaza, nikawasha ndani ya pipa la maji. Hakuna mkojo. Nikafungua tena. Kii, kile kichuma kidogo kinachoshikanisha impela na shafti, kilikuwa juu ya meza yangu kwenye kitambaa. Shafti inazunguka, impela imetulia kimya.

Kosa la pili ninaloliona sana ni la bomba la maji. Ukipandisha mguu, ncha ya bomba lazima iingie kwenye mpira wake juu ya pampu. Ikikosea, maji yanamwagikia ndani ya mguu na wewe huyaoni. Napaka grisi kidogo ule mpira, naelekeza kwa tochi, sisukumi kwa nguvu. Kama mguu unagoma milimita chache za mwisho, usiuvute kwa bolti. Shusha, tazama upya.

Mchokozi wa Maji
Mwanzisha uzi, si ungeitupa tu hiyo themostati? Mimi nilitoa yangu zamani, maisha yanaendelea.

Fundi Mguu
Yanaendelea kwa baridi. Mashine isiyofikia joto lake haichomi mafuta vizuri, inajaza masizi na plagi zinalowa. Ifunge kwa uzi, itumbukize kwenye sufuria ya maji bila kugusa kitako, pasha taratibu ukiwa na kipimajoto. Nyingi za mashine hizi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 50 na 60, lakini namba ya yako soma kwenye kitabu chake. Isipofunguka, hapo ndipo itupe.

Ngalawa Bubu
Yangu ilikuwa inachemsha kwenye mwendo mkubwa tu. Taratibu, salama siku nzima. Impela mpya, themostati mpya, hakuna nafuu. Mzee mmoja akaja, hakugusa kitu, akainama nyuma ya boti akacheka. Nilikuwa nimebadilisha chombo, ubao wa nyuma wa hiki kipya mrefu kuliko wa zamani, mguu ule ule mfupi. Boti ikipanda juu ya maji, matundu ya kuvutia yanakunywa hewa. Lile bapa lililo juu ya propela linatakiwa kuwa usawa wa kitako cha boti au chini yake kidogo. Langu lilikuwa juu karibu upana wa kiganja. Nikashusha mashine, mambo yakaisha. Spea zote zile hela ya bure.

Pezi Tatu
Mimi niliua mashine kwa mkono wangu. Ilichemsha, nikazima, nikachota ndoo ya maji baridi nikamwagia kichwa kikiwa bado kinachoma. Nilidhani naisaidia. Kichwa kikapinda, gasketi ikaachia, maji yakaingia kwenye silinda. Iacheni ipoe yenyewe jamani, hata kama mnachukuliwa na mkondo. Tupa nanga, subiri.

Tanga Mbili
Na wale wanaowasha mashine nchi kavu "kidogo tu" kumsikilizisha mnunuzi mlio? Impela ni mpira, inalainishwa na maji hayo hayo. Sekunde chache inatosha kuichoma.

Mdau wa Tezi
Mwanzisha uzi, hiyo chumvi uliitoaje?

Mwanzisha uzi
Themostati niliiloweka kwenye siki usiku mzima, ikachemka povu lakini haikupona, nikanunua mpya. Njia za maji nilikwangua kwa waya na kusukuma maji ya bomba mpaka yakatoka safi. Sasa kila nikitoka maji ya chumvi naiunganisha na maji baridi yasiyo na chumvi, inanguruma taratibu dakika 10 hadi 15, propela nimeitoa. Lazima ipate joto kidogo, la sivyo themostati inabaki imefunga na juu hakuoshwi.