Wakuu, hii dawa ya grothi fakta inasaidia kweli kidonda cha moto?

Mvuvi Mstaafu: Habari za jioni wakuu, niko Ujiji. Kijana wangu wa miaka minne aliungua mkono na mafuta ya mawese mama yake akikaanga migebuka. Nimeambiwa kuna dawa ya kupaka inaitwa grothi fakta inaotesha ngozi fasta, kuna mtu anayo kwa laki na themanini. Inafanya kazi au naibiwa? Usingizi sipati.

Dagaa Kavu: Si ndo wanazowapa kuku wa kisasa? Dogo ataanza la kwanza ana futi saba 😂

Mama Tatu: We Dagaa mtoto kaungua unaleta utani. Na nyie wazazi, mtoto anafuata nini kwenye mafuta? Mimi nilichora mstari wa chaki mlangoni, akivuka ananijua. Wa dada yangu Kasulu alimwagikiwa uji wakampaka dawa ya meno, nesi akakaa kuibandua mtoto analia mpaka na nesi akalia.

Mfamasia wa Mwanga: Pole mkuu. Kitu chenyewe kipo. Ni protini ambazo mwili unatengeneza kuziamrisha seli zizaliane zizibe kidonda, waliozigundua za mwanzo, Rita Levi-Montalcini na Stanley Cohen, walipewa Nobel 1986. China wanazitumia kwenye majeraha ya moto, Marekani jeli yao waliipitisha 1997 ila kwa vidonda vya miguu vya kisukari. Sasa kidonda cha juujuu kinapona chenyewe wiki mbili tatu, kilichozama ni habari nyingine. Ana siku ngapi, mkono sehemu gani, na daktari alisemaje?

Mvuvi Mstaafu: Daktari alisafisha akatupa dawa.

Mfamasia wa Mwanga: Sijauliza hivyo.

Mvuvi Mstaafu: Siku 26. Kiwiko. Haya niseme tu, walitaka abaki wodini apandikizwe ngozi, wanaitoa pajani. Mama yake akagoma, kidonda kimoja mnataka kumpa viwili, tukasaini tukatoka. Na hela nilishatoa juzi chupa ninayo. Mngekuwa mimi mngefanyaje, nigombane na mke abebe mtoto arudi kwao Uvinza?

Mzee wa Kibirizi: Asali. Babu yangu alitibu kijiji kizima. Ila siku hizi hata ya Tabora wanachanganya sukari, nilinunua dumu mwezi uliopita likaganda kama jiwe nusu nilie.

Kiboko ya Chai: Chai hii, tena ya maziwa. Akaunti ya jana, bei imetajwa, sasa hivi anakuja mwingine "mimi ilinisaidia njoo PM".

Dagaa Kavu: Naongeza tangawizi.

Mama Tatu: Kweli bana, baba gani anasahau kusema mtoto katolewa wodini?

Mvuvi Mstaafu: Nitunge ili iweje? Boksi lina herufi za Kichina, pembeni kuna kialama cha barafu na 2-8. Mtoto hanyooshi mkono, kikombe anashikia kushoto na yeye ni wa kulia. Jana nimeuvuta kidogo tu kapiga kelele jirani akaja kugonga. Picha sitaweka ya mtoto wangu humu.

Mfamasia wa Mwanga: Hizo ni nyuzi joto, inatakiwa ikae kwenye baridi muda wote. Ilikuja na nini?

Mvuvi Mstaafu: Treni toka Dar, ndani ya begi la nguo.

Mfamasia wa Mwanga: Basi usitegemee kitu humo. Na hata ingekuwa nzima, kiwiko kikijifunga chenyewe kovu linavuta, mkono unabaki umekunjika. Pajani wanakwangua ngozi nyembamba ya juu, panapona kama wiki mbili. Tena jaribio moja la hizo dawa la 1989 lilifanyika palepale palipokwanguliwa ngozi, pakapona mapema kwa kama siku moja na nusu. Moja na nusu mkuu, laki na themanini.

Kiboko ya Chai: Kama ni kweli mkuu nisamehe, mrudishe mtoto.

Mvuvi Mstaafu: Nimetoka kwa mama wa soda nilikoiweka kwenye friji. Umeme ulikatika toka saa nne, chupa ina joto kama chai yenu. Mama yake nimemsomea huu uzi wote. Kasema kesho asubuhi anakuja wodini, ila anakuja kusikiliza tu.